Tuanze na Uzi

Hotuba kwa vijana wavuvi wa mshipi, Raskazone, Tanga

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi pale chini ya mkungu, shikamooni. Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi.

Vijana, nimeombwa nizungumze juu ya zana na chambo cha kuvulia gatini wakati maji yanakimbia. Niliomba tukutane saa saba na nusu, juani, na baadhi yenu mmenilaumu. Lakini juzi mwezi ulikuwa mpevu, na leo ni bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine. Asubuhi saa nne maji yalikuwa yamekupwa mpaka mkaona tope kule mbele. Saa kumi alasiri yatakuwa yamejaa. Hii tuliyo nayo ni saa ya nne ya kujaa, na leo mkondo hautakuwa na nguvu kuliko sasa. Nyamazeni kidogo msikie unavyokoroma kwenye nguzo.

Kabla hamjafika nimeshusha mishipi miwili kwenye nguzo ya tatu, ile yenye utepe mwekundu. Kila mmoja una kipande cha nondo chenye uzito uleule. Nimevipima kwenye mizani ya muuza viungo sokoni mpaka sindano ikasimama mahali pamoja. Mmoja ni nailoni ya milimita 1, ambayo wengi wenu mnaitumia. Wa pili ni nailoni ya milimita 0.5. Yote nimeiachia urefu sawa. Naomba asiiguse mtu. Tutairudia.

Nikipita hapa jioni naona jambo lilelile kila siku. Kijana anatupa mshipi, mkondo unaubeba, unakwenda kujikunja kwenye mshipi wa jirani yake. Anavuta, anaongeza plagi ya pikipiki. Anatupa tena, unabebwa tena. Anaongeza jiwe. Mwisho ana mzigo mzito mno, changu akidonoa yeye hasikii chochote, na akipata samaki wa robo kilo anavuta zaidi ya kilo moja kutoka chini. Nimeona vijana wakikunja zana na kurudi nyumbani wakisema leo hakuna samaki. Samaki walikuwepo. Nyuma ya kila nguzo hapa kuna samaki saa hizi, wamejibanza mahali ambapo maji yanapumzika, wanangoja mkondo uwaletee chakula.

Kosa ni kuanza na risasi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi. Mkondo hauisumbui sana risasi, maana ni kitu kidogo na kizito kilicholala chini. Mkondo unashika uzi. Mshipi uliotandazwa ndani ya maji ni tanga, na sisi ni watu wa mji wenye jina hilo, kwa hiyo tusishindwe kulielewa hili. Upepo ukizidi, nahodha wa ngalawa hajazi mawe chomboni ili chombo kitulie; anapunguza tanga. Na wewe ukikuta mkondo mkali, punguza tanga: chukua uzi mwembamba zaidi. Uzi ukiwa na nusu ya unene, maji yanausukuma kwa takriban nusu ya nguvu. Na kuna jambo la pili ambalo lazima mlishike: mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake juu ya uzi wako haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana zana iliyotulia vizuri saa tano asubuhi, saa saba inaokotwa kama jani.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme bamvua limepandisha maji mita 3, ambalo hapa kwetu ni jambo la kawaida. Saa ya kwanza yanapanda robo mita tu. Saa ya pili nusu mita. Saa ya tatu sentimita 75, saa ya nne sentimita 75 tena, kisha nusu mita, kisha robo mita, halafu yanasimama. Nusu ya maji yote yanaingia ndani ya saa mbili za katikati. Kila siku mambo yote hayo yanachelewa kama dakika 50. Likija juma la maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa inashuka hadi kama mita 1, na saa zinageuka: yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Mvuvi wa gatini asiyejua leo ni siku ya ngapi ya mwezi amekuja bila zana ya kwanza.

Marehemu baba yangu alivua kwa mshipi wa pamba, ambao aliuchemsha pamoja na magome ya mkoko ili usioze. Ulikuwa mnene kama kamba ya kiatu. Bamvua likipamba moto baba hakwenda pwani. Alikaa barazani akinoa ndoana, akangoja maji yasimame ndipo ashuke, akavua kwa muda mfupi na kurudi na kitoweo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa. Baadaye nilipoanza kununua nailoni yangu ndipo nilipoelewa kwamba alijua uzi wake unaweza nini na hauwezi nini.

Basi uzi gani? Kwa hapa gatini, kwa samaki tunaowapata, changu, kolekole wadogo, chewa wa kwenye nguzo, nasema milimita 0.5 hadi 0.6 kwa mtu anayevua kwa mkono. Chini ya hapo unakata vidole. Mwenye fimbo yenye gurudumu anaweza kushuka mpaka 0.4, kwa sababu mkono wake haugusani na uzi samaki anapovuta. Siku hizi kuna uzi wa kusuka, mwembamba sana na wenye nguvu, na kwenye mkondo unafanya maajabu. Lakini tazameni nguzo hizi. Chaza wamezivaa kuanzia juu ya maji hadi chini, na kila chaza ni wembe. Uzi wa kusuka ukigusa chaza huku umevutwa, umekatika. Ukiutumia, mita 2 au 3 za mwisho ziwe nailoni nene, ili chaza wakute kitu cha kukwaruza kabla hakijakatika.

Na kagueni umri wa nailoni. Jua linaila. Mwaka mmoja nilinunua bunda zima dukani, lilikuwa limening'inizwa mlangoni kama pambo, sijui kwa miezi mingapi. Lilionekana jipya. Siku ya kwanza kolekole alilikata mara tatu, na kila mara ilikuwa katikati ya uzi, mahali ambapo hapakuwa na fundo wala chaza. Tangu siku ile nikinunua uzi naomba ulio ndani ya boksi, kivulini, halafu navuta dhiraa moja, napiga fundo, nalilowesha mate, nalikaza kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, narudisha palepale.

Sasa mikono. Hapa naomba mnisikilize, hasa nyinyi wadogo mlio mbele. Kiganja hiki mnakiona? Huu mstari unaopita kutoka kidole cha shahada mpaka hapa chini si wa kuzaliwa nao. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mkondo ulikuwa mkali, mshipi uliniteleza, nikauzungusha kiganjani mara tatu ili nishike vizuri. Aliyeshika chambo alikuwa taa, mpana kama sinia la pilau. Taa akilala tope halafu akaamua kuondoka na mkondo, humsimamishi. Uzi ulizama nyamani na nikawa naburutwa kuelekea ukingoni. Mzee mmoja aliyekuwa anavua kando yangu alikuwa na kisu kiunoni. Aliukata mshipi bila kuniuliza. Mpaka leo kidole hiki hakikunji sawasawa. Usizungushe uzi mkononi, hata mara moja. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vivishe vidole viwili, uzi upite juu ya mpira. Na kisu kiwe kiunoni, kisiwe ndani ya mfuko uliouacha kwa rafiki yako.

Tukishachagua uzi ndipo tunazungumzia risasi, chubwi kama wazee wanavyoiita. Wengi hamnunui, mnatumia mnachokiokota, na silaumu. Lakini jueni mnachokitupa. Jiwe la gramu 200 likiingia baharini linabaki na uzito wa kama gramu 120, maji yanalibeba sehemu iliyobaki. Na likiwa jiwe la matumbawe lenye vitundu, ni chini ya hapo. Chuma cha gramu 200 kinabaki na kama gramu 174. Risasi ya gramu 200 inabaki na kama 182. Maana yake, ukitumia jiwe utalazimika kubeba kubwa zaidi, na ukubwa wenyewe unakuwa tanga jingine.

Risasi basi ni bora? Kwa uzito, ndiyo. Lakini nina neno nimelibeba moyoni muda mrefu. Nimeona vijana wakipasua betri mbovu za gari, wakayeyusha risasi yake jikoni kwa mama, kwenye sufuria, watoto wadogo wakiwa wamezunguka moto kutazama inavyong'aa. Risasi ni sumu. Vumbi lake na moshi wake vinaingia mwilini na havitoki upesi, na anayeumia kuliko wote ni mtoto, kwa sababu ubongo wake bado unakua. Hakuna changu mwenye thamani hiyo. Naomba sana, yeyote mwenye sufuria iliyoyeyushiwa risasi asiirudishe jikoni, na betri zisipasuliwe majumbani. Nondo inatosha. Nondo ya milimita 12, kipande cha sentimita 10, ni kama gramu 90. Ya milimita 16, urefu huohuo, ni kama gramu 160. Mabaki yapo kwenye kila nyumba inayojengwa Tanga hii. Muombe fundi akukatie kwa msumeno na akupigie pete ya waya juu.

Umbo nalo lina kazi yake. Kitu cha mviringo kinabingirika na mkondo. Kipande kirefu cha nondo kinalala, ni afadhali kidogo. Kwenye mchanga na tope, kama kule upande ambao Sigi na Mkulumuzi inamwaga maji yake, funga kwenye nondo waya minne iliyokunjwa kama makucha ya nanga. Waya uwe wa kiasi, unaokunjika kwa plaizi. Ukivuta kwa nguvu makucha yananyooka na nondo inatoka. Kwa makucha hayo gramu 90 zinakaa mahali ambapo gramu 200 tupu zingebebwa. Lakini kwenye mawe na matumbawe usitie makucha, utaacha zana zote chini. Huko fungia nondo kwa kipande cha uzi hafifu kuliko mshipi wenyewe. Ikikwama, unavuta, kinakatika kile kipande, unapoteza nondo na kuokoa ndoana, na samaki kama yupo.

Namna ya kutupa: usitupe mkondo unakokwenda. Geukia unakotoka, tupa juu ya mkondo, nondo ikigusa chini achia uzi kidogo, ulegee, ujikunje kama upinde. Upinde ule unaivuta nondo kwa pembe ya chini na makucha yanazama mchangani. Ukikaza uzi mapema unainyanyua mwenyewe, kisha unalaumu mkondo. Na kama huna hakika, usitupe kabisa. Shusha tu wima nyuma ya nguzo, mahali maji yanapozunguka polepole. Samaki wakubwa niliowatoa hapa, wengi wao wametoka mita 2 kutoka mguuni pangu.

Ndoana sitazikawiza. Namba za kiwanda hiki si namba za kiwanda kile, kwa hiyo pima kwa mdomo wa samaki unayemtaka: changu mdomo wake ni mdogo kuliko nguvu zake, chewa ni kinyume chake. Buruta ncha juu ya ukucha; ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Wenye uwezo tafuteni ndoana za mviringo, zile ambazo ncha imegeukia ndani. Kwenye mkondo uzi umekazwa muda wote, samaki akigeuka na chambo ndoana inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Usivute kwa kishindo, kaza polepole tu. Samaki mdogo unamrudisha akiwa mzima. Na vigwe vya ndoana viwe vifupi, shubiri moja au moja na nusu, vifungwe juu ya nondo. Kigwe kirefu kwenye mkondo kinajisokota kwenye mshipi na chambo hakionekani tena.

Nafika kwenye chambo, na hapa ndipo ninapopenda kuliko pote.

Kwenye maji yaliyosimama chambo kizuri ni kile kinachopendwa na samaki. Kwenye mkondo kuna swali la kwanza kabla ya hilo: kitabaki kwenye ndoana? Dagaa mbichi anapendwa na kila kiumbe baharini, lakini tupa dagaa sasa hivi, kabla hajagusa chini ameshasambaratika. Donge la unga la kuvulia tasi ni la dakika zile maji yanaposimama. Leo lingojee mpaka karibu na saa kumi. Daa, ile minyoo ya mchangani, ni tamu sana kwao lakini laini. Sasa hivi, kwenye mkondo huu, mfalme ni ngisi. Baada yake ni pweza, ambaye ni mgumu zaidi ila harufu yake ni ndogo. Halafu kibua aliyetiwa chumvi.

Tazama ninavyofanya. Ngisi huyu nimemnunua leo alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea. Namfungua, natoa ngozi ya nje, namlaza juu ya ubao. Nakata utepe: urefu wa kidole cha kati, upana wa kidole kidogo. Sasa upande mmoja nauchonga pande zote mbili uwe kama ncha ya mkuki. Ndoana inaingia hapa, kwenye ncha, katikati kabisa, mara moja tu. Si pembeni. Mkia unabaki huru. Ikiingia pembeni, chambo kinazunguka kama pangaboi, kinausokota mshipi wote, na samaki hajapata kuona ngisi anayezunguka hivyo. Nikimaliza situpi. Nainama ukingoni, nakizamisha mbele ya macho yangu, naacha mkondo ukichukue dhiraa moja. Kikinyooka na mkia ukatikisika kidogo, ni sawa. Kikizunguka, nakitoa na kukata upya. Ni kazi ndogo, lakini wengi hawaifanyi, halafu wanashinda hapa na mshipi uliojinyonga.

Kibua mchague mwenye mashavu mekundu ndani na jicho angavu. Toa minofu pamoja na ngozi, nyunyizia chumvi ya mawe pande zote, ikunje ndani ya gazeti, ilale usiku mmoja. Asubuhi nyama imekaza kama ngozi laini na mafuta yake bado yamo. Hayo mafuta ndiyo mjumbe wako. Mkondo tunaoulalamikia unaichukua ile harufu na kuipeleka chini ya maji hatua nyingi, na samaki anaifuata akiupanda mkondo mpaka kwenye ndoana. Lakini mkondo huohuo unaiosha. Baada ya dakika 20 una kipande cheupe kisicho na habari yoyote. Badilisha, hata kama hakijaguswa. Kamba mchome kutoka mkiani mwili unyooke, kisha mfunge kwa uzi wa kushonea, mizunguko sita au saba, bila fundo. Unabana tu na kukata. Ukiona chambo kinarudi kimekatwa duara safi kama kwa mkasi, hao ni bunju. Hama nguzo. Na bunju akinasa, arudi baharini. Nyama yake inaua, asiwepo wa kukudanganya kwamba yeye anajua kumpika.

Majira ya masika, Sigi inaposhusha udongo kutoka Usambara na ghuba ikageuka rangi ya chai ya maziwa, samaki anavua kwa pua: kibua, na vipande vikubwa. Wakati wa kaskazi maji yakiwa maangavu, anavua kwa macho: ngisi mweupe, uzi mwembamba zaidi.

Na mwiba wa samaki hongwe ukikuchoma, loweka jeraha kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha hospitali. Usikae hapa ukiendelea kuvua.

Gati kubwa la bandari ni mahali pa kazi, meli na kreni ziko pale; tusiende kuvua huko na kugombana na walinzi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Inakaribia saa nane, maji yamefika mstari wa juu wa chaza kwenye nguzo ile, na mkondo bado unakimbia. Twendeni nguzo ya tatu, wadogo mbele, msisukumane ukingoni. Mmoja wenu ashike mshipi mnene, mwingine ashike mwembamba. Msivute kwanza. Tazameni tu unapoingia majini na pembe yake: mnene umelala karibu na uso wa maji, unaelekea kwenye zile mashua. Na huu mwingine, nondo ileile, umeshuka chini hapa karibu na nguzo. Shika, sikia kwa kidole. Unasikia? Hayo si maji. Kaza polepole.